Saa Moja na Nusu Kutoka Mombasa

Siku hizi mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, inauzwa Nairobi kwenye chupa za plastiki. Juzi nilifungua moja, harufu ya maziwa yaliyolala kwenye mkaa ikanipanda puani, nikajikuta tena kijijini Kiptere, jikoni kwa nyanya yangu, Kogo, mikono yake ikiwa myeusi hadi viwikoni.

Baba yangu, Kipkemoi, alikuwa fundi wa friji hotelini Mombasa. Kila Desemba alikuja kwa basi, akafika miguu imevimba. Kisha Jumatatu moja baba mdogo alisimama mlangoni pa jikoni, akasema, "Mama, Kipkemoi anakuja. Anakuja na ndege."

Kogo alipiga kigelegele. Kwetu, anayeshuka kwenye ndege ni mwanariadha aliyeshinda ng'ambo, na mtu kama huyo hupokewa pale pale uwanjani kwa kibuyu cha mursik. Kogo alishusha kibuyu kikubwa, akachoma kijiti cha mti wa senetwet, akaanza kusugua ndani kwa mkaa wake. Baba mdogo alifungua kinywa, akakifunga, akatoka nje.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Nilifungua ramani ya shule: kutoka uwanja wa ndege wa Mombasa hadi wa Kisumu hapakuzidi urefu wa kalamu yangu. Mwalimu aliniambia ndege hupamaliza kwa saa moja na nusu hivi. Alhamisi nikamshika baba mdogo mbele ya Kogo, aliyekuwa akishona shanga kwenye mkanda wa kibuyu.

"Kama ni saa moja na nusu, mbona tangu Jumatatu hajafika?"

"Chebet, wewe utakuwa wakili," alisema bila kucheka. "Wanangoja karatasi."

"Karatasi gani? Si anunue tu tikiti?"

Sindano ya Kogo ilisimama. Kisha ikaendelea.

Jumamosi tuliteremka Kisumu kwa pikapu ya kuazima. Mashamba ya majani chai yakaisha, joto likaanza. Njiani baba mdogo alisimamisha gari, akanawa uso kwa maji ya chupa, akarudi kwenye usukani. Kogo alikuwa amekipakata kibuyu kama mtoto.

Uwanjani abiria walitoka, nikakagua kila uso. Mwanamume mmoja alikiona kibuyu, akatania, "Mama, hata mimi nimetoka mbali!" Watu wakacheka. Mlango ukajifunga, na baba hakuwa ametoka.

"Mama," baba mdogo alisema kwa sauti ndogo, "twende ule upande mwingine. Wa mizigo."

Nilingoja Kogo aulize kwa nini. Hakuuliza. Alikaza leso yake kiunoni, akatangulia.

Jeneza lilipotolewa, alimimina maziwa kidogo kwenye kifuniko cha kibuyu, akakigusisha kwenye mbao, upande wa kichwa. "Umechoka na safari," alimwambia kwa Kipsigis. Mimi ndiye niliyepiga mayowe.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia baba mdogo kwa kumdanganya mama yake mzee. Hata chuoni nilikisimulia kisa hiki hivyo, nikiwa na uhakika wote. Kisha mwaka jana, baada ya kumzika Kogo, nilirithi kibuyu. Shanga za mkanda zimepangwa sawasawa hadi katikati. Kuanzia hapo zinayumba, nyekundu imeingia penye nyeupe, uzi umekosa tundu, ukarudiwa, ukakosa tena.

Alhamisi ile alikuwa amepiga hesabu yangu akaimaliza. Na mpaka Jumamosi ile, baba yangu alikuwa bado hai kwangu, kwa sababu Kogo hakuuliza swali ambalo ningesikia jibu lake.