Kigoda Mlangoni pa Duka la Dawa

Hata mke wake alimwita Taratibu. Alikuwa dereva wa basi la shule, na katika miaka yake yote ya usukani hakuwahi kuikimbilia taa ya njano. Kwa hiyo siku lori lilipoligonga basi lake ubavuni pale njia panda, basi likiwa tupu kwa bahati njema, na dereva wa lori akaapa kwamba Taratibu ndiye aliyepita taa nyekundu, kilichomuuma zaidi hakikuwa bega. Mwalimu mkuu alimwambia kwa upole kwamba hatashika usukani mpaka ukweli ujulikane. Upole ule ulikata kuliko kisu.

Ukweli ulikuwamo kwenye kamera ya duka la dawa lililotazamana na zile taa. Mwenye duka, mama mwenye ulimi wa pilipili, alimwonyesha kwenye kioo: basi linaingia, na taa yake ni kijani. Akamtumia kipande hicho kwenye simu. Hapo Taratibu, kwa mara ya kwanza maishani, akaharakisha. Papo hapo akakirusha kwa askari wa barabarani na kwa kampuni ya bima, kwa njia ile ile anayowarushia ndugu zake salamu za asubuhi.

Wiki zikapita. Ndipo ofisa wa bima akapiga simu.

"Mzee wangu, hapa naona taa tatu, zote nyeupe. Hilo basi lako ni kama donge la siagi."

Askari naye alisema kipande hakitoshi. Alitaka rekodi ya saa nzima, isiyokatwa, kama ilivyotoka kwenye mashine.

"Simu huibana video ipate kupita, baba," binti yake alimweleza. "Chenga ndizo zinazofika."

"Basi nitaomba ile nzima."

Binti akatikisa kichwa. "Mashine za madukani hujirekodia juu, baba. Zikijaa, hufuta za zamani. Na ni wiki zote hizi."

Taratibu alikwenda dukani kama mtu anayekwenda kutambua maiti. Alimkuta mwenye duka kwenye kigoda, mlangoni kabisa, shingo kaigeuza ndani kuwaangalia wateja.

"Umechelewa. Kweli jina lako linakufaa."

"Dada, ile rekodi imeshafutika?"

"Itafutikaje na mashine nimeizima?"

Taratibu aliinua macho. Kamera ilikuwa kipofu, taa yake ndogo nyekundu imezimika.

"Niliona ulivyoirusha, nikajua utarudi. Nilidhani kesho yake, nikasahau wewe ni nani. Tangu siku hiyo kamera ni mimi."

Taratibu alikitazama kile kigoda. Mtu asiye ndugu yake amekaa juani, duka lake wazi kwa wezi, akimlindia jina.

Ofisa wa bima alituma kiungo cha kupakia faili lenyewe, na binti akaja na kompyuta. Faili lilikuwa zito. Asilimia zilipanda kama bibi mwenye gunia anayepanda ngazi. Mtandao ukikatika, zilisimama zikahema, zikaendelea. Nakala ya askari ilitiwa kwenye diski, ipelekwe kwa mkono. Siku nzima Taratibu alishika zamu ya kigoda.

"Yule ameficha dawa ya meno kwapani," alinong'ona.

"Ni pochi yake. Utanifukuzia wateja."

Siku chache baadaye ofisa alipiga tena. "Sasa naona, mzee. Kijani. Naona hata mkanda umefunga."

Taratibu alirudi dukani kushukuru, akashukuru tena, mpaka mwenye duka akamkatiza: "Shukrani ya kwanza imeingia. Usiirekodie juu."

Asubuhi ya kwanza kazini, watoto wakipiga kelele nyuma yake, taa ilimsimamisha pale pale njia panda. Alitazama ng'ambo. Mlangoni hapakuwa na kigoda. Taa ndogo nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka, na mwenye duka, kaipa barabara mgongo, alikuwa akimcheka mteja fulani. Taratibu alimtazama hivyo hivyo, mikono juu ya usukani, hadi magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Taa ilikuwa kijani tangu zamani.