Mama Macho na Mwenye Nyumba

Kwenye ile nyumba ya pembeni, inayotazamana na duka la vipuri, mgeni akipita mara ya kwanza alikuwa akishtuka. Aliona kiwiliwili cheusi kisicho na kichwa kinaning'inia kwenye kamba ya nguo, mikono imelegea, miguu inachuruzika maji. Jirani mshonaji aliwahi kupiga ukunga asubuhi kweupe, watu wakatoka na mafagio, kumbe ni suti ya kuzamia ya Mama Macho inakauka. Tangu siku hiyo suti ikawa inaanikwa nyuma ya nyumba kwa heshima ya moyo wa mshonaji, naye mshonaji hataki kabisa kuulizwa habari hizo.

Mama Macho alianzia kwenye ndoo. Kituo cha utafiti wa bahari kilimwajiri kuosha vifaa: kusuuza suti zitoke chumvi, kupangusa miwani ya wazamiaji, kupanga mapezi ya miguuni kwa jozi. Kuogelea alikuwa hajui hata kwenye beseni, kama mumewe, fundi wa majokofu, anavyopenda kuwasimulia wageni. Lakini macho alikuwa nayo. Kijipete cha mpira cha mtungi wa hewa kikianguka mchangani, wenzake wote walipiga magoti na kupapasa; yeye alisimama wima, akatazama, akainama mara moja, akakiokota. Mkuu wa kituo alipoona hivyo mara kadhaa akasema macho haya yanapotelea kwenye ndoo. Ndipo mama mtu mzima, mwenye mtoto shuleni, akaanza kufundishwa kuogelea. Alikunywa maji ya chumvi ya kutosha kupika mwaka mzima. Alichekwa mpaka akazoea, na alipozoea waliokuwa wakimcheka wakachoka.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Watu wawili wanashuka, wanatandaza utepe wa kupimia juu ya mwamba wa matumbawe, mahali palepale kila safari, halafu wanaogelea polepole kando yake. Kila mmoja ana kibao cha plastiki na penseli iliyofungwa kwa uzi. Wanaandika samaki gani wapo na wangapi, matumbawe yana hali gani, maji yana joto kiasi gani, mkondo unaelekea wapi, na mtu anaona umbali gani mbele yake. Penseli haina shida, huandika majini kama inavyoandika mezani. Shida iko kwa mwenye kuishika. Ndiyo maana wana desturi yao: kila mzamiaji hukigeuzia kibao chake kifuani, na hamwonyeshi mwenzake mpaka wote wawe wamepanda botini. Hapo ndipo vibao viwili hulazwa ubavu kwa ubavu vikasomwa. Kama vinakubaliana, hesabu inaaminika.

Kwa miaka mingi kibao cha Mama Macho ndicho kilichokuwa kipimo cha vingine. Alijua hivyo, na wala hakujifanya hajui. Alitembea kituoni kidevu kikiwa juu kidogo, na kama kuna mtu aliyechukia, basi alichukia kimyakimya.

Binti yake wa pekee alikulia humo. Wakati watoto wengine wanaimbiwa, huyu alimwagiwa maharage mezani, akaachwa atazame kidogo, kisha maharage yakafunikwa kitambaa. "Mangapi?" mama anauliza. Mtoto akisema "kama jana tu," alikuwa anapigwa jicho kali. "Nani kakuuliza ya jana? Usiandike unachokijua. Andika unachokiona." Baba mtu, akiwa amejiinamia kwenye injini ya jokofu, alilalamika kwamba nyumba hii maharage yanahesabiwa kuliko yanavyoliwa. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akimnong'oneza mtoto majibu, na mara nyingi alimnong'oneza ya uongo.

Mtoto akakua, akasoma, akajifunza kuzamia, akaomba kazi palepale kituoni. Nafasi ilikuwa moja. Sharti lilikuwa kushuka na mzamiaji wa kipimo na vibao vyao vilingane. Na mzamiaji wa kipimo ni nani kama si mama yake mzazi? Mkuu alikuna kidevu, akasema hana mwingine wa kumtegemea. Akaeleza masharti bila kuzungusha maneno: kwa samaki wadogo, wakitofautiana kidogo atasamehe, maana wale hawatulii. Samaki mkubwa hana msamaha. Ukimkosa mkubwa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Mama Macho alicheka moyoni. Mkubwa kwenye utepe ule alikuwa mmoja tu, na walifahamiana siku nyingi. Alikuwa chewa mnene, mwenye mdomo wa kununa, aliyekaa kwenye pango dogo katikati ya mwamba kana kwamba anasubiri wapangaji walete kodi. Mama Macho alimwita Mwenye Nyumba. Hakuwahi kumtajia binti yake, maana hiyo ingekuwa ni kumvujishia mtihani, na Mama Macho havujishi.

Asubuhi ile maji yalikuwa matulivu. Nahodha wa boti alizima mashine, Mkuu akakaa naye kusubiri, wanawake wawili wakakaguana mitungi na mikanda, mama akamkaza binti mshipi mara mbili zaidi ya inavyotakiwa.

"Mama, sasa utanikata pumzi kabla ya kufika majini."

"Nyamaza, mwanangu. Huku juu bado mimi ni mama yako."

Wakajiangusha kinyumenyume majini. Chini utepe ulitandazwa, na wote wakaanza, mmoja upande huu, mmoja upande ule. Mama Macho aliandika joto la maji, akaandika mkondo, akawahesabu samaki vipepeo na kangu kama kawaida yake. Kisha akatupa jicho upande wa pili, kidogo tu, aone binti anaendeleaje.

Basi jicho likakwama huko. Binti alikuwa ameelea juu ya matumbawe bila kuyagusa hata kwa ncha ya pezi, mwili umenyooka, mapovu yanatoka taratibu. Alitazama, akaandika, akatazama tena kabla ya kuinua penseli. Ni huyu aliyekuwa akilia akipakwa sabuni kichwani! Mama Macho alijisikia kifua kinamjaa, na haikuwa hewa ya mtungi. Alitamani samaki wote wasimame waangalie. Akaenda hivyohivyo, uso umegeukia kwa binti, na utepe ulipofika kwenye pango la katikati mkono wake ukaandika wenyewe: chewa, mmoja.

Botini, Mkuu alivilaza vibao viwili juu ya kifuniko cha sanduku la barafu, akavua miwani akaipangusa, akaanza kusoma. Joto, sawa. Mkondo, sawa. Umbali wa kuona, sawa. Vipepeo walipishana kidogo, kangu hata hawakupishana. Nahodha alikuwa ameshaanza kutabasamu. Kisha kidole cha Mkuu kikasimama katikati.

"Mama Macho ana chewa mmoja, mkubwa. Wewe binti umeandika hakuna."

"Hakuwepo, Mkuu," alisema binti. "Nilimulika tochi mpaka ndani ya pango. Kulikuwa na kaa tu, amekaa mlangoni."

"Yumo!" Mama Macho aliruka. "Miaka yote yumo! Nimemkuta mimi pale kabla wewe hujajua kuvaa mapezi!"

Mkuu aliugeuza uso wake polepole. "Sikuulizi ya miaka yote, Mama Macho. Leo ulimwona?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu moja tu lingemaliza mambo. Akisema "nilimwona," nani angembishia? Kibao chake ndicho kipimo. Alimtazama binti yake. Binti hakuwa akimwomba kitu wala kumkonyeza. Alikuwa amekaa na taulo mabegani, macho kwa Mkuu, uso mtulivu wa mtu aliyesema alichokiona na hana cha kuongeza. Na kaa mlangoni! Kaa gani angethubutu kuota jua mlangoni kwa Mwenye Nyumba, naye yumo ndani ana njaa?

Mama Macho alitafuta ndani ya kichwa chake picha ya pango la asubuhi ile. Hakuipata. Alichokipata ni mapovu, pezi lililonyooka, na mkono wa binti yake ukiandika.

"Sikumwona," alisema. Sauti ilimtoka ndogo, akakohoa akairudia kwa nguvu. "Sikumwona, Mkuu. Pango sikulitazama. Nilikuwa namtazama mwanangu."

Kazini kwao kosa halifutwi; hupigwa mstari mmoja ili lisomeke. Akachukua penseli, akampiga chewa mstari, na pembeni yake akaandika: sikutazama. Kisha akakisukuma kibao cha binti mbele ya Mkuu. "Cha leo ni hiki. Na safari ijayo, tafadhali, anayepimwa niwe mimi."

Mkuu alikohoa ili kuficha kicheko, akampa binti mkono, akamwambia Jumatatu aje mapema. Binti sasa ndiye aliyeshindwa kujizuia, akamwangukia mama yake shingoni pamoja na taulo lake lililoloa.

Mwenye Nyumba kama alihama au alinaswa, hakuna aliyejua. Mama Macho alimsikitikia kweli. Lakini aliwaza pia kwamba, kama si binti huyu, angeendelea kumwandika marehemu kuwa hai mpaka astaafu, na wazo hilo lilimtoa jasho.

Jioni aliingia nyumbani na viatu vyenye mchanga. "Baba watoto! Leo nimekosea!"

Fundi akatoa kichwa ndani ya jokofu. "Umekosea nini?"

"Hesabu! Mbele ya Mkuu, mbele ya nahodha! Mwanangu kanisahihisha, na mimi mwenyewe nafoka pale kama redio. Hakutetereka! Hata kope hakupepesa!"

Mshonaji alichungulia dirishani kwake, sindano mdomoni. "Jirani, mtu akikosea kazini analia. Wewe mbona unacheka hivyo?"

"Nani mwingine hapa mtaani ana mtoto wa kumkosoa Mama Macho?" alijibu, na akaenda kurudia hadithi ile ile dukani kwa vipuri, kisha kwa kinyozi, kisha kwa mtu mmoja aliyekuwa anapita tu.

Asubuhi yake suti mbili zilianikwa mbele ya nyumba, mshonaji apende asipende.