Kaka Yangu Alimpofua Mume Wangu kwa Ajili ya Pembe ya Faru

Admin, nifichie jina, huku Kibiti tunajuana. Nina miaka 31, watoto wawili, nimeolewa Ruaruke. Mume wangu alikuwa askari wa wanyamapori, kazi yake kulinda faru huko porini. Kulikuwa na faru jike mmoja mwenye ndama, akirudi likizo alikuwa anamsimulia mpaka namwonea wivu. Nikimwambia, "Basi kamuoe huyo," anacheka.

Mwaka huu, wakati wa palizi ya ufuta, doria yao ilisikia risasi. Mume wangu akawatangulia wenzake mbio. Aliwakuta wanaume watatu wamejifunga vitambaa usoni, wanamkata faru yule pembe kwa shoka huku bado anahema, ndama anamzunguka mama yake analia. Kabla hajainua bunduki, mmoja akatokea ubavuni akamkata panga la uso, macho yote mawili. Wenzake walipofika, wale watu walishakimbia na pembe.

Hospitalini kaka yangu wa tumbo moja alikuja kumwona. Alimshika mkono, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, anamwambia, "Pole shemeji, Mungu atawalipa." Kaka alipotoka, mume wangu akanivuta mkono. "Mama watoto, sauti ile ile. Ndiye aliyesema, 'Mkate, asitutambue.'"

Nilimfuata kaka uani. Nilitaka akatae, jamani. Hakukataa. Alisema, "Mumeo king'ang'anizi. Faru ni wa baba yake? Mshukuru nilimwachia roho."

Mume wangu alieleza polisi, kaka akakamatwa. Kumbe amewaambia siku ile alikuwa shambani kwangu ananisaidia kupalilia. Uongo, nilikuwa peke yangu. Sasa polisi wananiita nikaandikishe maelezo, na wakili wa serikali anasema bila mimi wamebaki na maneno ya kipofu tu.

Mama amehamia kwangu kutoka Umwe. Mbele ya watu anamuogesha mjukuu, anampakulia mkwe wake wali, anamwita "baba". Tukibaki jikoni ananing'ata sikio: "Macho hayarudi hata mwanangu akifungwa. Sema alikuwa kwako. Ukimtia ndani, radhi yangu huna, na siku nikifa usiguse jeneza langu." Shangazi zangu wote wameacha kupokea simu zangu.

Mume wangu hajui kwamba nimetajwa. Jana, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa namwosha mikono akaniambia, "Mama yako ana moyo. Mwanawe yuko ndani kwa ajili yangu, bado ananipikia." Mama alikuwa amesimama pale pale. Akaniangalia, akatabasamu.

Keshokutwa naenda polisi. Nikisema kweli nampoteza mama, nikisema uongo nitalala vipi na mume wangu? Nishaurini ndugu zangu, msinitukane. Nifanye nini?