Igisabo cha Bibi na Bwana wa Televisheni

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nimetoka nyumbani, jambo ambalo hata ujanani sikulipenda. Nilitumwa chumvi Kasulu, mvua ikanikuta, nikajibanza kwenye banda la video. Watu walikuwa wakisubiri mpira. Kabla ya mpira kikaonyeshwa kipindi cha Wazungu waliopanga foleni na vitu vya babu zao, na mtaalamu ameketi mezani anavitajia bei.

Mama mmoja alileta meza aliyoing'arisha mwenyewe. Mtaalamu akamsikitikia: kwa kuisafisha ameiharibu, ule uchafu wa zamani ndio uliokuwa na thamani. Banda zima likanigeukia mimi, msomi wa kidato cha nne, niwatafsirie. Nikatafsiri. Hakuna aliyeelewa, nami nikiwemo, lakini nilirudi kijijini kwetu Muyama nikiwa mtaalamu.

Nyumbani kitu cha kale kilikuwa kimoja tu: igisabo cha Bibi, kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, alichokibeba kutoka Burundi akaacha vingine vyote. Nilimkuta ndiyo kwanza ametoa siagi, anachemsha maji akioshe. Nikamzuia. Nikamweleza kwamba tangu leo hicho ni mali, hakioshwi wala hakitumiki.

Bibi akaniuliza:

"Na maziwa nitasukia kwenye kichwa chako?"

Nilicheka, nikamwambia avumilie kidogo.

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma," akasema, akaepua maji.

Nilikizungushia blanketi na mabaki yake ndani, nikakipandisha darini. Miezi ikapita nikingoja wataalamu wafike Muyama. Sijui nilidhani wangepitia njia gani.

Kisha dada yangu akajifungua huko Kibondo, mtoto wa kwanza. Tangu dada akiwa msichana, Bibi alikuwa amemwahidi kwamba siku hiyo atamletea samli ya mkono wake. Tukakishusha. Panya walikuwa wamefuata harufu ya siagi. Kitako chote kilikuwa kimeliwa, mkono wangu ukapita hadi kwenye kiwiko.

Bibi hakupiga kelele. Aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Yule bwana wa televisheni, kwao hakuna panya?"

Bibi alikwenda Kibondo na samli ya kopo ya dukani, akamkabidhi dada bila kueleza chochote, nami nyuma yake na mkungu wa ndizi ambao hakuna aliyeniomba.

Bado navitazama vipindi hivyo, na bado sivielewi. Mtu anatajiwa bei, anatokwa machozi, kisha anarudi na kitu chake kukifungia kabatini. Labda kwao ni sawa. Sisemi yule bwana alidanganya, meza aliijua. Igisabo chetu hakukiona.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu: kabla hujamfundisha mtu habari za kitu chake, muulize yeye hukitunzaje, na umsikilize mpaka amalize, hata kama hakuingia darasani. Na akikukubalia upesi kwa sababu tu ya shule yako, hapo ndipo uogope.

Mungu akupe vyombo vingi, vichakae kwa kutumika, na akubakizie karibu wazee wabishi.