Maharage Yaliyoungua Kambini

Muuza kuni wa mtaani kwetu Nyakabiga akipasua mkaratusi mbichi, harufu yake hunirudisha kwenye kambi ya shule, mlimani juu ya jiji. Asubuhi ile maharage ya darasa zima yaliungua. Zamu ya kuchunga sufuria ilikuwa yangu, lakini nilitoroka kwenda kutazama ziwa, na rafiki yangu akashika nafasi yangu. Mwalimu akamkuta yeye.

Alimlaza kifudifudi kwenye umande, akamenya tawi la mkaratusi. "Kila mutu fimbo moja. Mwenye atapiga pole, atalala hapa yeye."

Wenzetu walipiga wakicheka. "Pika tena, shefu!" Kufikia fimbo ya kumi ngozi ilikuwa imepasuka. Nilipokabidhiwa tawi, lilikuwa linateleza kwa damu.

"Sikukutaja," rafiki yangu alininong'oneza. "We piga tu."

Watu husema mtoto hana hatia. Nani aliwaambia? Neno langu moja lingemwinua pale chini. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

"Muone huyu! Huyu ni mwanaume," mwalimu alisema, akanimegea mkate wake. Nilikuwa na njaa, nikaula wote.