Maneno Niliyoyaficha Kwenye Ukurasa wa Zahanati

Kosa ni langu, jamani. Nimelibeba miaka mingi na leo nalisema, ila jina langu niachieni.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilikuwa mpiga chapa Kinondoni. Taipu zilikuwa zinaondoka, kompyuta zinaingia, intaneti ndiyo kwanza inasikika mjini. Nikajifunza kutengeneza kurasa za mtandao, nikajiona mjuzi kweli.

Mwenye zahanati moja ya Mbezi akaniomba nimtengenezee ukurasa. Alitaka mtu akitafuta hospitali ya Dar kwenye kompyuta, yake itokee juu kabisa. Zahanati yenyewe vyumba vitatu, tabibu mmoja, nesi mmoja, dawa za malaria na vidonda.

Nikaandika hivyo hivyo ilivyo. Ukurasa ukatokea chini huko, hauonekani. Ndipo nikaanza kuongeza. Moyo, figo, upasuaji, daktari bingwa. Mengine niliyaandika kwa herufi nyeupe juu ya weupe, msomaji asiyaone lakini mtambo wa kutafutia uyahesabu. Mengine nikayaacha wazi: "Tunatibu maradhi ya moyo." Baada ya wiki chache tukawa wa kwanza. Nilifurahi mie! Mwenye zahanati hata hakuusoma, aliniamini.

Asubuhi moja nilikuwa pale mapokezi, namfundisha nesi kufungua barua pepe. Ikaingia pikapu kutoka Chanika. Akashushwa mzee ameshika kifua, jasho linamtoka. Binti yake alikuwa na karatasi ya faksi mkononi. Baba alikuwa akilalamikia kifua wiki nzima, na kaka yake binti, aliyeko Ulaya, alitafuta hospitali ya moyo kwenye intaneti, akawatumia ukurasa wetu. Hospitali kubwa ya mjini wakaiacha, wakaja kwetu.

"Shikamoo mama," binti akamwambia nesi. "Tunamtaka daktari wa moyo."

"Marahaba. Mwanangu, hapa hakuna daktari wa moyo."

"Mbona mmeandika?"

Akamnyooshea karatasi. Nikayatambua maneno yangu.

Tabibu alimpima mzee, akasema akimbizwe mjini sasa hivi. Mwenye zahanati akachukua ile karatasi, akasoma, akaniuliza nani kaandika haya.

"Kompyuta hizi huchanganya kurasa za watu," nikamjibu.

Uongo mtupu! Na binti akaniamini. Akanishukuru kwa kumweleza, kisha akapanda nyuma ya pikapu, akampakata baba yake.

Mzee alikata roho kabla hawajafika Ubungo.

Mchana ule niliufuta ukurasa wote. Kazi ile sikuirudia tena, nikaishia kuuza vitenge. Nesi alikwenda msibani, akarudi na habari kwamba ndugu wanamlaumu binti kwa kuipita hospitali kubwa, na kaka yake hataki kusema naye, eti angepiga simu kwanza kuuliza.

Nilikwenda Chanika nikamweleze binti ukweli. Akanikaribisha, akaniandalia chai, akidhani nimekuja kuhani. Nikanywa. Nikampa pole. Nikaaga. Mara ya pili nikaenda, ikawa vile vile.

Nyie mnaoandika kurasa siku hizi, mnaoshindana nani atokee juu, nawasihi. Huko upande wa pili kuna mtu ana mgonjwa, na neno lako atalifuata kama lilivyo. Andikeni kile atakachokikuta akifika.

Mie sikuandika hivyo, na yule binti mpaka leo anaamini aliyemuua baba yake ni yeye.