Dari ya Montalbo na Picha ya Castelmoro

Theluji ya Januari ile ilianguka siku tatu bila kupumzika. Siku ya nne, saa tatu asubuhi, watu wa Montalbo wakiwa kwenye foleni ya mkate, walisikia mngurumo upande wa pili wa uwanja, na paa la jumba lao la opera likaporomoka mbele ya macho yao. Hakufa mtu, hakuumia hata paka. Lakini dari iliyochorwa, pamoja na roshani za mbao za tabaka tatu, zote ziligeuka kifusi kwa muda usiomtosha mtu kupiga chafya.

Evaristo Tombesi, mpiga picha wa mji, alikuwa wa tano kwenye foleni. Alipigwa na butwaa, mdomo wazi, sarafu zimemganda mkononi. Mwoka mikate, Nazzareno, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata sauti, na wala hakuligeukia jumba. Alimgeukia yeye.

"Mungu amekuweka makusudi, Evaristo! Picha zake si unazo?"

Foleni nzima ikamtazama. Evaristo akaitikia kwa kichwa. Aliitikia tu, kama mtu anayeulizwa kama jina lake ndilo hilo. Kwa kutikisa kichwa mara moja alikuwa amejivisha kitanzi mwenyewe.

Na kwa nini wasimwamini? Riziki yake ilitoka kwa maharusi na watoto wa komunyo ya kwanza, lakini kila Agosti, miaka thelathini, alifunga studio, akampakia mkewe Zelinda na kamera kubwa ya mbao, wakaenda kupiga picha majumba ya opera. Walianza na Napoli na Palermo kwa gari lao dogo. Baadaye wakapanda ndege: Odessa, Buenos Aires, Manaus katikati ya msitu, Sydney yenye mapaa yale ya ajabu, na Kairo, lile jumba la zamani lililoungua miaka michache baada ya yeye kulipiga. Majumba mia mbili na kumi na manne. Wageni walitoka Ujerumani kuja kumwona mtu huyu wa mlimani aliyeziweka opera zote za dunia kabatini.

Utaratibu wake haukubadilika. Alisimama katikati ya jukwaa, mahali pa mwimbaji, akaielekeza lenzi kwenye ukumbi mtupu, akaiacha wazi dakika nne nzima ili dari, roshani na mapambo yote yaingie. Zelinda, asiyejua kukaa bure, alipitapita kati ya viti akipangusa vumbi la watu kwa leso yake. Kwa kuwa hakutulia mahali pamoja, hakutokea kwenye picha hata moja. "Nimo kwenye majumba yote ya dunia," alikuwa akiwaambia majirani, "ila mume wangu kanifuta."

Asubuhi ile Evaristo alirudi nyumbani mikono mitupu.

"Mkate uko wapi?" Zelinda akauliza.

"Jumba limeanguka."

"Jumba gani?"

"Letu."

Zelinda akaketi puu kwenye kiti. Evaristo alikwenda moja kwa moja kabatini, kwenye masanduku ya filamu yaliyopangwa kwa majina ya miji. Manaus. Marseille. Milano. Napoli. Akarudisha kidole nyuma, akapitisha tena polepole. Milano. Napoli.

"Zelinda, Montalbo umeiweka wapi?"

"Mimi? Hujawahi kunipa."

"Usinitanie, mama."

"Nakutania nini? Kila Agosti nilikuuliza, na letu je? Ukanijibu, letu lipo palepale, halina miguu."

Ilikuwa kweli tupu. Jumba alilopita mbele yake kila siku akienda kununua mkate, ambamo mama yake alimleta akiwa mchanga kifuani, ambamo alimwona Zelinda kwa mara ya kwanza, hakulifungulia lenzi hata sekunde moja. Alikuwa amesafiri bahari tatu kutafuta dari za watu, na ya kwao aliiacha kama mtu anavyoacha kuangalia mlango wa nyumba yake. Aliona aibu kali, aibu ya kutamani ardhi ipasuke.

Siku tano alipita nyumba kwa nyumba, akisingizia kwamba anataka tu kuongezea zile alizonazo. Watu walimfungulia albamu kwa furaha. Aliona waimbaji wenye matumbo, maharusi kwenye ngazi, vinyago vya kanivali, meya watatu marehemu wakikata keki. Dari haikuwemo. Katika picha moja tu palitokea kiwiko cha malaika kwenye kona ya juu, nacho kimefifia. Evaristo hakuamini. Mji mzima ulikuwa umejipiga picha chini ya dari ile tangu kamera ziingie mlimani, na hakuna aliyewahi kuinua yake juu.

Wakati huohuo mhandisi alikuwa amefika kutoka ofisi ya jimbo, mwanamke kijana aitwaye Fabrizia, mwenye sauti ndogo na maneno machache. Kwetu huku jumba la opera likianguka hujengwa upya lilivyokuwa na pale lilipokuwa. Hilo Fabrizia alilikubali. Lakini alitaka ushahidi: picha ya dari na roshani, iletwe Jumamosi saa nne asubuhi. Isipopatikana, Montalbo ingejengewa ukumbi wa mikutano, basi.

Ijumaa Evaristo akafungua sanduku la herufi C, akatoa picha ya Castelmoro.

Castelmoro ni mji wa ng'ambo ya bonde, kilomita tisa tu, na mtu wa Montalbo hakanyagi jumba la opera la huko. Heri aende Milano. Dari zile mbili zilichorwa na fundi mmoja katika mwaka mmoja, na kila mji hudai kwamba mwenzake alipewa makombo ya rangi. Evaristo alikwenda huko mara moja, miaka ishirini na minne iliyopita, kola imeinuliwa hadi masikioni, na hakumwambia mtu isipokuwa Zelinda.

"Utawapelekea dari ya Castelmoro?" Zelinda akashika kiuno. "Watakutafuna mbichi."

"Nitawaeleza. Fundi ni yuleyule. Huenda mhandisi akaikubali kama mfano."

"Basi waeleze kabla hujafungua bahasha. Nakujua, wewe mdomo wako hufunguka dakika nne kama hiyo kamera."

Mkutano wa Jumamosi ulifanyika kwenye ukumbi wa kuingilia wa jumba lile, kipande pekee kilichosalia kimesimama. Nusu ya mji ilijazana humo na makoti yao. Fabrizia aliingia na skafu ya zambarau, na kabla hajasalimia, Argia, mama aliyelisafisha jumba lile miaka arobaini, akapiga ukelele.

"Zambarau ndani ya opera! Vua, mwanangu, vua upesi, unatuletea mkosi!"

"Lakini, mama, paa limeshaanguka," Fabrizia akasema.

"Na kuta je? Unataka nazo zitufuate?"

Skafu ikavuliwa. Katika vicheko na kelele zile Meya Piersanti alimpokonya Evaristo bahasha, akaichana, akaiinua picha juu kwa mikono miwili.

Kisha mtu akaanza kulia.

"Ndiyo yenyewe," akasema Nazzareno, machozi yakimtoka. "Ndiyo dari yetu."

"Mwangalieni yule mwenye zeze pale katikati!" Argia alijipenyeza mbele, akaigusa picha kwa ncha ya kidole. "Miaka arobaini nimefagia chini ya miguu yake. Ningemjua hata kuzimu."

Evaristo alisimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Alitegemea matusi, na sasa watu walikuwa wakimkumbatia, meya akimbusu mashavu yote mawili, wazee wakionyeshana roshani za babu zao, na roshani zenyewe ni za watu wa Castelmoro! Hakuna aliyetilia shaka hata kidogo. Fabrizia alikwisha toa kalamu, karatasi i tayari juu ya goti. Saini moja tu, na jumba lingesimama tena.

Alimtafuta Zelinda kwa macho. Zelinda hakumsaidia, alimtazama tu.

"Si yetu," Evaristo akasema.

Hakuna aliyesikia.

"Si yetu! Ni ya Castelmoro. Niliipiga mwenyewe, mwaka wa sitini na moja. Ya kwetu sina. Sikuwahi kuipiga."

Meya aliishusha picha polepole, akaishika kwa vidole viwili kama kitu kilichooza.

"Mnafiki mkubwa wewe," mtu akasema kutoka nyuma. "Castelmoro? Ulikwenda Castelmoro?"

"Umri umekuzidi, Evaristo," Nazzareno akasihi. "Umechanganya masanduku. Sema umechanganya."

"Sikuchanganya."

Argia ndiye aliyeumia zaidi. Uso wake ulikuwa mwekundu. "Haya, bwana mkubwa wa opera," akasema. "Kama huyu wa zeze si wetu, wetu alikuwa nani? Pale katikati palichorwa nini?"

"Farasi," akasema Nazzareno.

"Farasi wa nini? Ulikuwa mwezi," akasema meya.

"Mawingu matupu," akasema mwingine. "Mawingu na kitambaa."

"Argia, si ulikuwa humo kila siku? Sema wewe."

"Mimi nilikuwa nafagia!" Argia akalia. "Nilikuwa natazama chini!" Akamgeukia Evaristo, na sauti yake sasa haikuwa na hasira. "Sema wewe basi. Macho ni kazi yako. Ilikuwaje?"

Evaristo akafumba macho. Akauona waziwazi ukumbi wa Manaus, akaona Odessa na dhahabu yake, akaona mbavu nyeupe za Sydney, akamwona yule mwenye zeze wa Castelmoro hadi kucha zake. Akatafuta ya kwao, ambayo aliitazama chali akiwa mtoto mapajani kwa mama yake. Alitafuta kwa muda mrefu, na alipofumbua macho watu wote walikuwa bado wanangoja.

"Sijui," akasema.

Fabrizia akaifunga kalamu yake.

Mwaka uliofuata Montalbo ikajengewa ukumbi wa mikutano, wenye dari ya saruji iliyopakwa chokaa, nyeupe tupu. Evaristo aliipiga picha siku ya kwanza, kabla viti havijaingizwa.